Kuamia Ndege kwa Kamera

Ndege wa kwanza niliyetaka kumpiga picha nilimfukuza mwenyewe, kwa mdomo wangu. Nilikuwa nimechuchumaa kwenye matete, kamera nimeshaielekeza, pumzi nimeibana, na mnana mmoja wa manjano akaja kutua hatua tano mbele yangu na kipande cha ukuti mdomoni. Badala ya kubonyeza kitufe nikafyatuka, "Hooo! Hooo!", na mkono wa kulia ukaruka juu kutafuta kombeo ambalo sijalishika tangu nina miaka kumi na miwili. Mnana akaenda zake. Nikabaki pale na kamera shingoni, nikijicheka na kujitukana kwa zamu. Mazoea yana taabu, jamani.

Mtu wa kwetu atanielewa mara moja. Sisi tuliokulia bondeni, kwenye mashamba ya mpunga ya huku Ruaruke, hatukufundishwa kutazama ndege. Tulifundishwa kuamia, yaani kuwafukuza wasimalize nafaka, na kazi hiyo ilianza mbegu inapomwagwa na kuisha mpunga unapoingia ghalani. Ndege alikuwa mwizi. Awe wa manjano, awe mwekundu, awe na mkia wa dhiraa nzima, alikuwa mwizi tu, na uzuri wake tuliuhesabu kuwa ni ujeuri. Hakuna aliyewahi kuniambia nimtazame yule alivyopendeza. Niliambiwa nimtazame yule, halafu nimpige.

Tuliamia tukiwa juu ya dungu. Dungu ni kibanda kilichoinuliwa kwa nguzo ndefu, unakipanda kwa ngazi ya miti, na ukikaa juu unaliona shamba lote. Baba alikaa kwenye dungu kubwa upande wa mto. Mimi, niliyekuwa mkaidi kuliko kaka zangu wote, nilipewa kichanja changu upande wa pili, karibu na matete. Kati yetu palikuwa na mpunga mpana ambao sauti ya kawaida haiwezi kuuvuka. Kwa hiyo kila baada ya muda baba aliita, "Hooo!" moja ndefu, nami nilitakiwa kuitikia kwa "Hooo!" yangu. Nikichelewa, aliuliza kwa sauti iliyosikika mpaka ng'ambo: "Umelala?" Nami nikajibu, "Sijalala!" Mara nyingi nilikuwa nimelala fofofo, udenda shavuni. Yeye alijua, nami nilijua kwamba anajua, lakini hakuna siku aliyoongeza neno. Aliuliza, nikajibu, kazi ikaendelea.

Utotoni nilidhani anaulizia mpunga. Nilishakuwa mama wa watoto watatu ndipo nikakaa siku moja nikafikiri vizuri. Bondeni kule kulikuwa na nguruwe, kulikuwa na nyoka, na kiboko alipotoka mtoni hakuuliza shamba la nani. Mtoto wa miaka minane alikuwa peke yake juu ya kichanja cha fito, upande wa pili wa shamba. Kumbe mzee wa watu kutwa nzima alikuwa akitaka kujua kama mimi bado nipo.

Leo nina studio ndogo Kibiti mjini. Napiga picha za pasipoti, za vitambulisho vya wanafunzi, za harusi na maulidi, na za wazee wanaotaka picha moja nzuri ya kuwaachia wajukuu. Kazi naipenda, lakini watu wanachosha. Bibi harusi anataka awe mweupe, bwana harusi anataka awe mrefu, na wote wawili wanakasirikia kamera. Ndiyo maana vuli inapokaribia mimi hupata wazimu wangu wa kila mwaka. Joto linapokaza na mninga ukatoa maua yake ya manjano kabla hata haujapata majani, naanza kufungua studio saa nne badala ya saa mbili. Asubuhi yote niko vichakani.

Mjini wananicheka, na mimi nina mdomo, huwa sinyamazi. Jirani yangu muuza vocha aliwahi kuniuliza kama jani nalo linaomba kitambulisho. Nikamwambia jani halina sura mbaya ya kurekebishwa, ndiyo raha yake. Alicheka mpaka akakaa chini. Lakini ukweli ni kwamba sijui namna ya kumweleza mtu ile siku ya mvua ya kwanza. Ardhi iliyokuwa imepasuka jana, leo inatoa jongoo kila mahali, wamenenepa, wanang'aa, wanavuka njia bila wasiwasi. Kumbikumbi wanatoka kwa mafungu. Anatoka na yule mdudu mdogo mwekundu, laini, aliyevaa mahameli, ambaye tulikuwa tukimweka kiganjani tukiwa watoto na ambaye hatumwoni tena mpaka mwaka mwingine. Nimempiga picha huyo mdudu mara nyingi kuliko mtoto wangu yeyote.

Vuli iliyopita ilinikuta na jambo moja tu moyoni. Baba alikuwa hasemi.

Kiharusi kilimpata wakati wa mavuno. Alikuwa anageuza mpunga kwa ufagio juu ya turubai uani kwake, shangazi, dada yake anayeishi naye tangu mama alipofariki, yuko jikoni, na shangazi anasema alisikia ufagio umeanguka, akatoka, akamkuta amekaa chini anautazama mkono wake wa kulia kama mali ya mtu mwingine. Tulimkimbiza hospitali. Mungu si Athumani, hakufa. Mguu ukarudi kidogo kidogo, akaweza kusimama kwa mkongojo. Mkono wa kulia ulibaki mzito. Sauti haikurudi kabisa.

Hapo ndipo palipoumiza. Baba yangu hakuwa msemaji sana, lakini alikuwa na sauti. Alikuwa akiadhini msikitini pale muadhini anaposafiri. Alikuwa akiita mtu mmoja njiani, wakageuka watano. Sasa alikaa barazani na macho yake yaleyale, akili yake ileile, na ukimuuliza unataka chai au maji alifungua mdomo, ukangoja, ukangoja, halafu akaufunga na kugeukia ukutani. Aibu ya mtu mzima nzito, jamani. Niliiona nikaenda kulia chooni, mfereji nimeufungulia ili asinisikie.

Dada wa mazoezi pale hospitalini, binti mdogo mwenye heshima zake, alitueleza vizuri. Alisema maneno hayajafa, yamejificha, na tusimlazimishe kujibu maswali. Alisema mdomo una vitu vyake unavyovijua bila kukiuliza kichwa: kuhesabu, sala, nyimbo, salamu. Tuanzie hapo. Na alisema jambo lingine ambalo hakulisema mbele ya baba, kwamba miezi ya mwanzo ndiyo yenye nguvu, baadaye inakuwa vigumu zaidi. Kuanzia siku hiyo nikawa nahesabu miezi.

Tulijaribu. Shangazi alimsomea Fatiha kila baada ya sala. Midomo ya baba ilitembea nayo mpaka mwisho, bila sauti, na alipofika mwisho machozi yalimtoka. Tulihesabu moja mpaka kumi. Nilimwimbia nyimbo za ngoma za ujana wake kwa sauti yangu mbaya, akanitazama kwa huruma. Mwezi ukapita, na mwingine, na mwingine. Kila Ijumaa mchana nilifunga studio, nikapanda bodaboda mpaka Ruaruke, nikakaa hadi Jumapili, na kila nilipofika mlangoni nilimtazama kwanza shangazi usoni. Alitikisa kichwa, tukaendelea na mengine.

Mvua ya kwanza ilipopiga nikapata wazo. Nikasema mtu huyu amekaa ndani miezi mitano, hajaona dunia. Nitampigia picha kila kinachoota na kila kinachotambaa, nitamwonyesha, na siku moja kitu kitamchokoza atakitaja jina. Nilikuwa na hakika kabisa. Ijumaa hiyo nilitembea njia zote za nyuma ya kijiji mpaka gauni likalowa. Nikampiga mdudu wa mahameli. Nikalipiga lile ua jekundu la duara, kubwa kama ngumi, linalochomoza lenyewe ardhini bila jani wakati wa vuli. Na nikalipiga ua moja la buluu, dogo kuliko ukucha, la lile jani linalotambaa chini ambalo kila mtu hulikanyaga bila kuliona. Kwa karibu lile ua ni ajabu. Lina petali mbili zimesimama juu, na katikati kuna vijiti vya manjano vyenye unga. Nilipiga picha zaidi ya ishirini nimelala kifudifudi kwenye tope.

Jioni nilikaa karibu na baba barazani, nikazifungua picha kwenye simu moja baada ya nyingine. Mdudu, akaangalia. Ua jekundu, akaangalia, akapiga miayo. Nikafika kwenye lile la buluu, lile langu la fahari, nikalikuza mpaka likajaa kioo chote. Baba akainua mkono wa kushoto, akakamata pembe ya simu kwa vidole vitatu, akaivuta. Simu ikanitoka, ikaanguka sakafuni, kioo kikapata ufa.

Niliiokota tu, kwa sababu ni baba. Lakini nilikasirika, nisidanganye. Nilikwenda jikoni nikamwambia shangazi kwamba nimejitahidi, nimelala kwenye tope na umri huu, na mtu anaitupa simu kama ganda la ndizi. Shangazi alikuwa anakuna nazi. Akaniomba nimwonyeshe hiyo picha. Nikamwonyesha, na ufa wake. Akaitazama, akatazama juu kwenye paa, na mabega yakaanza kumtikisika.

"Mwanangu," akasema, "hilo ndilo gugu lililotutesa miaka yote. Unaling'oa, unalitupa juu ya kisiki, kesho limeota palepale kwenye kisiki. Umemwonyesha mgonjwa magugu shambani kwake, halafu unataka afurahi? Alikuwa analing'oa huyo."

Lo! Nikarudi barazani taratibu. Nikaifungua tena ile picha, nikamwekea karibu na mkono, safari hii simu nimeishika vizuri. Mkono wa kushoto ukaja uleule, vidole vitatu, ukashika shina pale chini kabisa karibu na mzizi na kuvuta juu kwa kuzungusha kidogo, kama mkulima anayejua kwamba shina likikatikia njiani amefanya kazi bure. Nilimwona baba yangu analima, kwa mara ya kwanza tangu mavuno. Nikacheka, na yeye upande mmoja wa mdomo ukapanda juu.

Kuanzia hapo niliacha kumpelekea maua. Nilimpelekea maadui. Nilikwenda mpaka shambani, mwaka huo wamelima binamu zangu, na nikapiga nyayo za nguruwe kwenye matuta. Nikapiga tundu la panya. Nikapiga kanga kumi na wawili wanaofukua mbegu asubuhi, kwa mbali, nikiwa nimejiziba mdomo kwa mkono wa kushoto, maana mimi mwenyewe sijiamini. Baba alizitazama hizo picha kama mtu anayesoma barua. Nyayo za nguruwe alizipima kwa kidole. Kwenye picha ya kanga kifua chake kilijaa, shingo ikasimama, nikasema leo, leo ndiyo leo. Pumzi ikatoka kavu. Aliniangalia kama anayeomba radhi, nami nikambusu mkono, jambo ambalo sijawahi kulifanya hata siku ya Idi.

Miezi sita ikatimia. Yule dada wa mazoezi alipomwona alimsifia mguu, akanisifia mimi, na kuhusu sauti akasema tuendelee kumwomba Mungu. Mtu wa hospitali akianza kukwambia umwombe Mungu, moyo unashuka.

Wakati huohuo palikuwa na ndege mmoja. Lazima nimweleze, maana nisifiche, mimi pia nilikuwa na uroho wangu. Kwenye matete ya shamba letu anakaa kweche. Kiangazi chote huyu ni ndege wa kawaida, kahawia, huwezi kumtofautisha na jike wala na shomoro. Mvua zikianza, dume anabadilisha nguo. Habadilishi kwa siku moja. Anaanza na kiraka chekundu shingoni, kingine mgongoni, cheusi tumboni, na kwa wiki kadhaa anatembea hivyohivyo na viraka vyake bila haya. Halafu asubuhi moja unamkuta amekamilika, mwekundu wa kuunguza macho, amepanda juu ya bua la tete na kujifutua manyoya mpaka anakuwa mviringo, anawaringia majike. Vuli tatu nilikuwa namfuata kweche nimpate vile, amejifutua, jua la asubuhi limempiga kifuani. Vuli tatu nimepata mkia, nimepata mgongo, nimepata matete matupu.

Mwaka mpya ulipoingia, mpunga umeshachomoza, kijani kibichi, nilimwona ameshavaa suti yake yote. Na bua lake nililijua. Ijumaa ile nikamwambia shangazi kesho asubuhi naenda na baba shambani.

Shangazi akasema aka, mimi na wewe hatuna akili sawa. Mgonjwa atapigwa na umande. Atateleza. Atakiona kiti cha dungu lake kimeoza, atalia. Nilimsikiliza mpaka mwisho, halafu nikamwambia huyu mtu anakufa barazani, shangazi, anakufa kidogo kidogo na sisi tunampikia uji. Sikukusudia kusema kwa ukali namna ile. Shangazi akamgeukia baba, aliyekuwa anatusikia muda wote, akamuuliza kwa adabu, kaka, utakwenda? Baba alichukua mkongojo wake, akasimama. Saa hizo ilikuwa jioni, na safari ilikuwa kesho yake.

Tulikwenda kwa bajaji mpaka mwisho wa njia, baba katikati, shangazi na kanga mbili za kumfunika, mimi na kiti cha plastiki magotini. Kutoka hapo tulitembea hatua kwa hatua. Dungu kubwa lilikuwa limebaki nguzo mbili tu zilizoinama. Baba alisimama chini yake, akaigusa moja, akaupapasa ule mti kwa kiganja, na hakulia. Tukamkalisha pembeni ya shamba, mahali pakavu, shangazi akamfunika miguu na kumimina chai. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya mpunga. Yangeyange weupe walikuwa wanatembea kwenye maji upande wa mto, na mdiria mmoja alikuwa analia mahali ambapo sikuweza kumwona. Nilimuuliza baba kama yuko sawa. Akanisukuma kwa mgongo wa mkono niende zangu.

Nikaenda. Nikatangulia kama hatua kumi na tano mbele yake, nikapiga goti kwenye tope, nikaegemeza kiwiko juu ya goti jingine. Nikangoja. Jua likapanda, ukungu ukaanza kufunguka. Nyuma yangu nilisikia kijiko cha shangazi kwenye kikombe, halafu kimya.

Kweche akaja. Alitua chini kwanza, akapotea, bua likatikisika, na akatokea juu kabisa, pale pale nilipopajua. Akatazama huku, akatazama kule. Halafu akaanza. Manyoya ya shingo yakasimama, ya mgongo yakasimama, akawa donge jekundu juu ya tete, na jua likaja likampiga kifuani vilevile nilivyoliota. Kwenye kamera nilimwona mpaka jicho. Nilikumbuka kuuma mdomo wangu wa chini ili usinisaliti. Kidole kikaanza kushuka.

"Hooo!"

Kweche akaruka. Kidole kilimalizia safari yake kwa kuchelewa, kamera ikalia, ikapiga bua tupu linalotikisika.

Nitasema kweli: kitu cha kwanza nilichokihisi kilikuwa hasira. Nilijua ni mtu wa shamba la jirani, mwamiaji asiye na macho, na niligeuka kumtolea uvivu, maneno yamejaa kinywani. Hapakuwa na mtu wa jirani. Palikuwa na shangazi, kikombe kimesimama nusu ya njia ya kwenda mdomoni. Na palikuwa na baba kwenye kiti cha plastiki, kanga zimemwanguka miguuni, mkono wa kushoto ameuinua juu, ule mkono ambao maisha yake yote haukuwahi kushika kombeo. Hakuwa akinitazama. Alikuwa akimsindikiza ndege kwa macho mpaka avuke mpaka wa shamba letu.

Alipohakikisha amevuka, akanigeukia mimi. Akangoja.

Nilisimama pale na kamera mkononi, goti limelowa. Shangazi alitaka kusema kitu nikamnyooshea kiganja anyamaze. Baba akakunja uso. Niliujua uso ule, ulikuwa wa mtu aliyeita na hajaitikiwa. Mdomo wake ukaanza kuhangaika, upande mmoja ukiuvuta mwingine, mishipa ya shingo imesimama. Nikaona anakaribia kuufunga, kama alivyoufunga kila siku kwa zaidi ya miezi sita. Hakuufunga. Neno lilitoka limepinda, limekwaruzika, lakini lilitoka lote.

"Umelala?"

Tulikuwa hatua kumi na tano tu. Hata ningenong'ona angenisikia. Nilivuta pumzi yote niliyokuwa nayo, nikajibu kwa ile sauti ya kuvuka shamba zima.

"Sijalala, baba!"

Akaitikia kwa kichwa, akashusha mkono, akarudi kuutazama mpunga wake.